Jiwe la Kitunda: je, ni kaa-kwato wa kale?

"Shikamoo mtaalamu. Naishi Kitunda, ng'ambo ya Lindi mjini. Mwezi uliopita tulikuwa tunachimba shimo la choo. Tulipofika kama kimo cha mtu, sururu iling'oa jiwe la ajabu. Ni la mviringo, linajaa kiganja, nene kama andazi kubwa. Chini ni bapa, juu limebinuka mfano wa bakuli lililofunikwa. Upande mmoja kuna kitu kimechomoza kama mkia, urefu wa kidole. Ukilifuta vumbi, juu unaona michoro kama ua. Mpwa wangu anayesoma sekondari alitafuta kwenye simu, akasema ni yule kaa mwenye umbo la kiatu cha farasi, mnyama wa miaka milioni 400 ambaye hajabadilika hata kidogo, na kwamba damu yake ya bluu inauzwa ghali kwa ajili ya dawa. Habari zikaenea. Sasa kuna mtu amekuja kutoka Dar, ananipa laki tatu na anataka niamue haraka. Baba mkubwa anasema ni kaa wa kawaida tu aliyegeuka jiwe. Jirani ananishauri nilisafishe kwa maji ya betri ling'ae ili bei ipande. Je, ni kaa huyo kweli? Nimuuzie? Nilisafishe? Na kama lina dawa, inatolewaje?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na lile lisiloweza kusubiri: maji ya betri yaache kabisa. Na huyo mgeni mwambie jiwe haliuzwi kwa sasa. Lifunge kwenye gazeti, liweke ndani penye kivuli, halafu tuzungumze taratibu.

Naona shida yako si jiwe peke yake. Umeshika kitu usichokijua, na kila anayekuzunguka ana hakika na lake. Mpwa wako ana hakika, baba mkubwa ana hakika, jirani ana hakika, na mnunuzi ana haraka. Mimi sijalishika jiwe hilo mkononi, kwa hiyo nitakwambia ninachokifikiri na kwa nini nakifikiri, kisha nikuonyeshe namna ya kulikagua wewe mwenyewe hapo nyumbani bila kuliharibu.

Kwanza tumjue mnyama anayetajwa. Hana jina la Kiswahili la asili, na sababu ni nyepesi: hayupo kwenye bahari yetu. Leo duniani zimebaki spishi nne tu. Moja iko pwani ya mashariki ya Marekani hadi Meksiko, na tatu ziko Asia, kuanzia Ghuba ya Bengali hadi Indonesia, China na Japani. Muulize mvuvi yeyote wa Mchinga, Msimbati au Kilwa Kivinje kama amewahi kumnasa kwenye jarife, atakushangaa. Hapa nitamwita kaa-kwato, kwa ajili ya ile ngao yake inayofanana na kwato ya farasi.

Hata neno kaa halimfai sana. Kaa wetu wa mikokoni ni ndugu wa kamba na kambakoche. Kaa-kwato yuko upande wa nge, buibui na kupe. Hana vipapasio kichwani kama kaa, na mbele ya mdomo ana vikoleo viwili vidogo, mahali pale pale buibui alipo na viuma vyake.

Mfikirie ametulia mchangani mbele yako. Sehemu ya kwanza ni ngao pana iliyofunika kichwa na miguu yote. Juu ya ngao kuna matuta mawili yanayokwenda mbele na nyuma, na ubavuni mwa kila tuta pana jicho kubwa lililojengwa kwa vijicho vingi. Sehemu ya pili ni tumbo, limeungwa na ngao kwa kiungo kinachokunjika kama bawaba ya mlango, na kingoni lina miiba midogo. Ya tatu ni mkia mgumu uliochongoka. Wengi wanaomwona mara ya kwanza huuogopa wakidhani una sumu, lakini hauna. Wimbi likimpindua akalala chali, huuchomeka mchangani akajigeuza. Shika mambo mawili hapo: bawaba, na matuta yenye macho. Tutayarudia kwenye jiwe lako.

Sasa hiyo miaka milioni 400. Mpwa wako hakuzidisha, amepunguza. Huko Manitoba, Kanada, kulipatikana kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, kilichopewa jina Lunataspis aurora, kikatangazwa mwaka 2008, na umri wake ni miaka milioni 445 hivi. Nchini Moroko, kwenye miamba ya Fezouata, kuna mabaki ya jamaa zao wa miaka milioni 478 hivi. Ukoo huu ulikuwepo kabla ya miti kuota nchi kavu.

Lakini kusema "hajabadilika hata kidogo" si sahihi, na ningependa mpwa wako alisikie hili vizuri kwa sababu hata vitabu vingi hulikosea. Miaka milioni 310 iliyopita, kwenye mabwawa yaliyokuja kuwa makaa ya mawe, waliishi kaa-kwato wadogo waliotosha kulala kwenye vidole viwili, wenye tumbo lililoshikana na kuwa bamba moja na miiba mirefu pembeni. Australia, kipindi cha Triasiki, mwanzoni mwa enzi za dinosaria, aliishi mmoja aitwaye Austrolimulus ambaye pembe za ngao yake zilitanuka kama mabawa ya ndege, upana ukazidi urefu wa mwili. Wengine waliishi kwenye maji yasiyo na chumvi. Matawi hayo yote yalikatika. Tawi lililobaki ni la wale wenye umbo tunalolijua, na hata hao wa leo si wale wale wa enzi za dinosaria. Ni vitukuu vyao. Mtu anaweza kufanana sana na babu yake wa nane na bado akawa mtu mwingine.

Kuna mahali ambapo mpwa wako ana haki yake, nami nampa. Mwaka 2021 Russell Bicknell na wenzake walitangaza kisukuku cha kaa-kwato mdogo aitwaye Euproops danae, kutoka Mazon Creek katika jimbo la Illinois, Marekani, ambacho kimehifadhi alama ya ubongo. Ubongo! Kitu ambacho kwa samaki aliyekufa huoza kabla ya jioni. Mnyama alifunikwa na tope, tope likagandamana kwa madini ya chuma haraka sana, nyama ya ubongo ikaoza na kuacha uwazi wenye umbo lake, na baadaye uwazi ule ukajazwa na kaolini, udongo mweupe wa aina ile inayopatikana Pugu. Ukikitazama unaona umbo jeupe ndani ya jiwe la kahawia. Mpangilio wa ubongo huo unafanana kabisa na wa kaa-kwato anayeishi leo. Umbo la nje lilikuwa limekwenda njia yake, ubongo ukabaki ule ule.

Kisukuku ninachokipenda kuliko vyote katika ukoo huu ni cha Ujerumani. Huko Solnhofen, Bavaria, kuna mawe ya chokaa yanayopasuka kwa tabaka nyembamba kama kurasa, yenye umri wa miaka milioni 150 hivi. Yalikuwa tope laini la chini ya wangwa uliotulia, maji ya chini yakiwa hayana hewa na chumvi imezidi. Kaa-kwato mchanga wa aina ya Mesolimulus aliangukia humo, pengine kwa kusukumwa na dhoruba. Jiwe linaonyesha alipotua kwa mgongo, alivyojigeuza, kisha alivyoanza kutembea. Nyayo zake zinakwenda karibu mita kumi (9.7 kwa kipimo kamili). Mwanzo ziko sawasawa, kisha zinaanza kuyumba, mkia unaburuzwa vibaya, anageuka huku na huku, na mwisho wa nyayo yupo yeye mwenyewe, amekufa. Dean Lomax na Christopher Racay waliueleza mkondo huo wa nyayo mwaka 2012. Kila ninapoutazama napata uzito moyoni. Ni dakika za mwisho za mnyama mmoja, na zimesomeka baada ya miaka milioni 150.

Na hapo ndipo habari inarudi kwetu Lindi. Miaka hiyo hiyo milioni 150, Giraffatitan, dinosaria mkubwa wa shingo ndefu, alikuwa anakula majani Tendaguru, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu kutoka hapo ulipo. Watu wengi wanadhani Tendaguru ni mifupa ya dinosaria tu. Sivyo. Matabaka yenye mifupa yanapishana na matabaka ya mchanga wa bahari yaliyojaa kome za kale. Dinosaria wale walikufa kando ya wangwa na fukwe za maji kupwa na kujaa, mandhari ambayo mkaaji wa Lindi angeitambua. Kwa hiyo wazo la kaa-kwato wa kale kuishi upande huu si la kipuuzi. Jirani yetu Madagaskar, ambayo zamani hizo ilikuwa imegandana na Afrika, ina visukuku vya kaa-kwato vya kipindi cha Triasiki, vilivyoandikwa na wataalamu mwaka 2004. Tunisia nayo inavyo. Mimi binafsi sijapata kushika hata kimoja kilichotoka Tanzania, na siku nitakapokishika nitafurahi kama mtoto.

Basi kwa nini nina mashaka na jiwe lako? Sababu ya kwanza ni umri wa ardhi yenyewe. Miamba ya Kitunda ni chokaa na udongo wa bahari wa umri wa kati ya miaka milioni 20 na 40 hivi. Inajulikana vizuri kwa sababu imejaa magamba ya vijidudu vya bahari vidogo kama chembe ya chumvi. Wataalamu wa vijidudu hivyo, Banner na Blow, waliitumia miamba ya Lindi katika kazi yao ya mwaka 1962, na wataalamu wa mambo hayo huijua Lindi kwa jina hata kama hawajafika. Dinosaria walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Kwa hiyo hata jiwe lako likiwa kaa-kwato halisi, si la miaka milioni 400. Ni la baada ya dinosaria.

Sababu ya pili ni namna mnyama huyu anavyogeuka jiwe, na hapa naomba uvumilivu wako kidogo. Gamba la kaa wa kawaida lina chokaa ndani yake, ndiyo maana ukilitupa jalalani linakaa muda mrefu. Gamba la kaa-kwato halina chokaa. Ni kama ukucha wako au bawa la mende. Likiachwa mahali penye mawimbi, hewa na wadudu, huoza na kuchanika. Ili libaki, lazima litue kwenye tope tulivu lisilo na hewa na kufunikwa upesi. Ndiyo sababu visukuku vyao ni adimu, na karibu vyote ni bapa, kama picha iliyobanwa kati ya kurasa mbili za jiwe. Wakati mwingine si mnyama mwenyewe, ni gamba tupu alilojivua, maana hujivua mara nyingi anapokua na hutokea kwenye mpasuko wa mbele ya ngao. Wewe unaniambia jiwe nene kama andazi. Kaa-kwato aliyejaa unene namna hiyo ndani ya chokaa ya bahari wazi ingekuwa ajabu kubwa.

Sababu ya tatu uliitaja wewe mwenyewe bila kuipa uzito: michoro kama ua.

Unamjua yule mnyama wa duara mwenye miiba mirefu myeusi anayekaa kwenye miamba na kuwachoma miguu wavuta kokoro? Ana jamaa zake wasiochoma, wenye vimiiba vifupi kama manyoya, wanaojifukia mchangani. Wengine ni bapa, wengine wamevimba kama maandazi. Wote pamoja na kiti cha pweza ni wa ukoo mmoja, na ukoo huo umejengwa kwa hesabu ya tano. Mgongoni mwa hao wanaojifukia kuna ua la majani matano, na kila jani limechorwa kwa safu mbili za vitundu vidogo sana ambamo mnyama alitoa viungo laini vya kuvutia hewa. Gamba lao ni chokaa tupu, zito, halioze. Katika miamba ya chokaa yenye umri kama wa hiyo ya Kitunda ni visukuku vya kawaida.

Dau langu, ndugu yangu, liko hapo.

Fanya hivi sasa. Chukua brashi laini, hata mswaki wa zamani, na maji safi kidogo. Sugua taratibu juu penye ua. Hesabu majani. Yakiwa matano yanayoanzia sehemu moja karibu na kilele, basi hesabu imekwisha: kaa-kwato hana ua. Kisha ligeuze. Mnyama wa ua ana tundu la mdomo upande wa bapa, mara nyingi katikati au karibu yake, wakati mwingine limezibwa na udongo mgumu. Halafu tafuta mahali sururu ilipong'oa kipande. Elekeza hapo mwanga wa jua na utikise mkono polepole. Ukiona nyuso ndogo bapa zinazometa zote kwa pamoja kama kipande cha kioo, hilo ni gamba la jamaa huyo, maana kila bamba lake hujengwa kama fuwele moja ya chokaa.

Na mkia? Tazama unapoungana na mwili. Mkia wa kaa-kwato hutokea kwenye kiungo, na mbele yake lazima uone tumbo lenye miiba na ile bawaba. Kama huo wako umegandishwa tu ubavuni bila kiungo, huenda ni tundu la mnyoo au kamba lililojaa tope likawa jiwe, kisha likashikana na kisukuku. Nimeona mengi ya namna hiyo kwenye mawe ya pwani, na yanadanganya macho hata ya sisi wenye kazi hii.

Baba mkubwa naye tusimwache njiani. Kaa wa kawaida kweli hugeuka jiwe, na kwenye udongo wa pwani yetu hupatikana. Ila utaona alama za kuunganishia miguu, au gando, na mgongoni hutaona ua la majani matano. Ukikuta gando, basi mzee amepatia na mimi nimekosea.

Habari ya damu na dawa. Ni kweli kwamba damu ya kaa-kwato aliye hai ni ya bluu, kwa sababu inabeba hewa kwa madini ya shaba badala ya chuma kama yetu. Na ni kweli inatumika hospitalini, lakini si kama dawa ya kunywa. Seli za damu hiyo huganda zikikutana na sumu inayotoka kwenye bakteria fulani, hata ikiwa kidogo mno. Fred Bang na Jack Levin waliligundua jambo hilo Marekani, na tangu miaka ya 1970 kipimo kilichotokana nalo hutumika kuhakikisha kwamba sindano, chanjo na dripu hazina sumu hiyo kabla hazijamfikia mgonjwa. Siku hizi kuna kipimo kinachotengenezwa maabara bila kumtoa mnyama damu. Kwenye jiwe hakuna damu. Hakuna hata tone, hakuna dawa, na hakuna namna ya kuitoa. Ninakusihi usiruhusu mtu yeyote asage kipande chake ampe mgonjwa anywe. Aliye mgonjwa aende zahanati.

Kuhusu kusafisha, nikusimulie kosa langu mwenyewe. Nikiwa mwanafunzi nilipata kigando kidogo cha kaa kwenye udongo wa Kilwa, kimekaa vizuri, na vidoti vya ngozi yake vinaonekana. Niliharakisha. Nilikitumbukiza kwenye glasi ya siki usiku ili udongo utoke, nikalala. Asubuhi kulikuwa na tope chini ya glasi na povu kidogo pembeni. Kigando chenyewe kilikuwa chokaa, na chokaa huliwa na kitu chochote kikali. Siki ilitosha. Maji ya betri yatalila jiwe lako huku ukilitazama linatoa povu, na kabla ya yote yanaweza kukuchoma mikono na macho. Usilipake vanishi wala mafuta pia. Na kama limeshikamana na udongo mfinyanzi, usilianike juani. Udongo ukikauka haraka hupasuka na kuvunja kilicho ndani. Kivuli, gazeti, na siku kadhaa za kungoja, basi.

Sasa laki tatu. Sitakudanganya kwamba naziona ndogo, najua shimo la choo lina gharama na saruji haijapoa bei. Lakini tazama pande zote mbili. Likiwa mnyama wa ua, kama ninavyodhani, ni kisukuku cha kawaida ambacho mnunuzi mjuzi asingetoa laki tatu. Anayetoa fedha hizo ama hajui, ama anadhani ni kitu kingine. Na likiwa kaa-kwato kweli, basi ni jambo ambalo watu wa sayansi hapa nchini na nje wangetaka kulijua, na kulitoa mikononi kwa haraka ya mtu mmoja ingekuwa hasara isiyorudi. Haraka yake isiwe haraka yako. Kuna na sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kwa anayechimba kutafuta mabaki ya kale na kwa anayeyasafirisha nje ya nchi. Wewe hukwenda kutafuta visukuku, ulichimba choo ukakutana nacho. Ukishatoa taarifa umejilinda. Lakini nisikuahidi zawadi ya fedha, kwa sababu sina uwezo wa kuiahidi, na wengi wameumizwa na ahadi za namna hiyo.

Kuna jambo moja ambalo lina thamani kuliko hata jiwe, na wewe ndiye pekee uliye nalo: unajua lilipotoka. Nenda makumbusho ya Berlin leo, na mifupa ya Tendaguru iliyochimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913 bado inasomeka kwa herufi za mashimo yake. Yule Giraffatitan mkubwa aliyesimamishwa pale, mrefu zaidi ya mita 13, sehemu kubwa yake ni kutoka shimo lililoitwa S. Boheti bin Amrani na mafundi wenzake hawakuchimbua mifupa tu, walijua kila mfupa ulilala wapi, ukafungwa, ukaandikwa, ukabebwa kichwani hadi bandari ya Lindi. Kwa sababu hiyo, zaidi ya miaka mia baadaye, mtu anaweza bado kuuliza swali jipya na mfupa ukamjibu. Kisukuku kilichouzwa mkono kwa mkono hadi Dar bila anwani ni pambo la kabati. Hakuna atakayejua kama kilitoka Kitunda au Kilwa au kimeletwa na meli.

Kwa hiyo, kabla hujajenga choo hicho, pima kwa futi kina ulichofika sururu ilipogonga. Kama ukuta wa shimo bado uko wazi, upige picha ukionyesha rangi za udongo zinavyobadilika kutoka juu kwenda chini, na utie alama mahali jiwe lilipokaa. Washa ramani ya simu ukiwa umesimama hapo, unakili zile namba za mahali. Chukua pia bonge la udongo lenye ukubwa wa ngumi kutoka tabaka lile lile, ulifunge peke yake na kuliandika. Bonge hilo linaweza kutuambia umri kwa vile vijidudu nilivyovitaja, hata kama jiwe lenyewe litakaa kimya. Lakini usiingie tena shimoni kuchimba ubavuni kutafuta jingine. Shimo la kimo cha mtu lisilo na mihimili hufukia watu, hasa baada ya mvua, na hakuna kisukuku kinachostahili hilo.

Kisha peleka taarifa kwa afisa utamaduni wa halmashauri, ukiwa na picha na maelezo. Jiwe libaki nyumbani hadi upewe utaratibu wa maandishi. Wanaoweza kulitambua kwa kulishika ni watu wa Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, wanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Dodoma. Atakayelichukua akuandikie karatasi yenye jina lake, tarehe, na maelezo kwamba limetoka kwako Kitunda. Usiogope kuidai karatasi hiyo. Ni jambo la kawaida katika kazi yetu.

Yapo mambo matatu ambayo ukiyaona usiendelee peke yako hata siku moja, umwite mtaalamu afike: ukiona bawaba na matuta ya macho niliyoyaeleza, ukiona mfupa au jino kwenye ukuta wa shimo, au ukikuta mawe mengine ya namna hiyo yamelala safu moja. Hapo funika shimo kwa mabati na utafute mahali pengine pa choo kwa muda.

Yakiwa majani matano, jiwe ni lako kulitunza kwa raha, na ningependa kuona mpwa wako analipeleka shuleni, na baba mkubwa naye akaribishwe aone. Nitumieni picha nne: ya juu, ya chini, ya ubavu na ya pale mkia unapoungana, kila moja ikiwa na sarafu ya shilingi mia mbili pembeni ili nijue ukubwa. Mzipige asubuhi, jua likiwa bado limelala upande, kwa sababu jua la mchana litavifuta vile vitundu. Ya chini ndiyo naisubiri zaidi, kwa ajili ya mdomo.